Hii Njia Haitokei

Wasee, leo tubishane kidogo kuhusu lami.

Kila mwanasiasa akipanda juu ya gari, awe Kitale awe Bungoma, wimbo ni ule ule: mkinichagua nitawaletea lami. Sisi nasi tunapiga makofi na miluzi. Sina ugomvi na lami. Nimetembea kwenye matope ya Aprili mpaka kiatu kikabaki nyuma na mguu ukaendelea na safari, kwa hivyo thamani yake naijua. Lakini tangu nianze kwenda mikutano hiyo (huwa naenda kurekodi, msinitazame hivyo) sijasikia hata mmoja akishika maikrofoni na kuahidi kwamba njia ya mtaa wenu itatokea upande wa pili.

Na kwangu hiyo ndiyo ahadi kubwa. Lami inaweza kuja mwaka ujao, inaweza kuja baada ya miaka kumi. Njia ambayo haikuachwa siku ploti zinakatwa haiji tena. Ukirudi kuitafuta utakuta ukuta wa mtu, tangi la maji la mtu, nyumba ya kupangisha yenye milango kumi na miwili, na wakati mwingine kaburi la babu wa mtu. Nani atabomoa?

Ukitaka kujua kama mtaa wako unatokea, wala huhitaji ramani. Simamisha nduthi umwambie unakoenda. Kabla hajataja bei, mtu wa boda atakuuliza, "Huko ndani kunatokea?" Ukisema ndiyo, atakubeba kwa bei ya kawaida, kwa sababu anajua atakushusha halafu achomokee upande ule mwingine akitafuta mteja. Ukisema hapana, anaongeza. Atarudi na njia ile ile, kiti tupu, labda apishane na lori la mchanga mahali ambapo hata baiskeli mbili zinaombana msamaha. Ile nyongeza ya ishirini bob ni kodi. Unailipa kila siku kwa sababu ya mstari ambao mtu alichora kwenye karatasi labda kabla hujazaliwa.

Nimekaa keja upande wa nyuma wa Kanduyi, Bungoma, mahali ambapo kengele ya shule ya msingi unaisikia ukiwa unapiga mswaki. Siku moja nikaamua kupima kwa simu. Kutoka kwenye geti letu hadi geti la shule, mstari ulionyooka kama ndege anavyoruka, ni mita 210. Kwa miguu, kufuata njia, ni kilomita moja na mita mia tatu. Unatoka mpaka barabara kubwa, unatembea kando ya malori ya Malaba, halafu unaingia tena kichochoro kingine. Watoto wa plotini walikuwa wakipita kwenye tundu la ua. Mwenye ua akachoka akajenga ukuta wa mawe, na haki yake, shamba ni lake. Kuanzia hapo, watoto wa miaka saba wanaenda shule wakipitia kando ya barabara kuu ya kwenda Uganda.

Mtaa huo huo nyumba moja iliungua usiku. Gari la zimamoto lilikuja, na lilikuja haraka. Shida ni kwamba lilisimama kwenye njia ya jirani, moto likiuona juu ya ukuta, umbali wa mita kama sitini, na hakuna pa kupitia. Likarudi kinyumenyume, likazunguka, likakuta njia yetu imezibwa na lori lililokuwa limeshusha matofali. Kufikia wakati huo mabati yalikuwa yameanguka ndani. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja fundi alipoteza cherehani mbili na nguo za wateja, na karo ya muhula mzima ikaenda hapo. Sijaona wa kulaumu kati ya madereva wala majirani. Mtaa ulikuwa umechorwa hivyo.

Sasa swali ni, ulichorwa na nani? Hapa lazima nitenganishe Kitale na Bungoma, kwa sababu miji hii miwili imefika mahali pamoja kwa njia tofauti kabisa, na watu wengi huiongelea kama ndugu pacha.

Kitale ni mji wa mashamba makubwa. Wazungu walikata Trans Nzoia vipande vikubwa vya mahindi na ng'ombe, reli ikafika mwaka 1926, na pale karibu na stesheni wakachora mji mdogo wa mitaa inayokatana. Ukitembea katikati ya Kitale leo, Kenyatta Street na zile za kando yake, huwezi kupotea: ukikosa mtaa huu unachukua unaofuata, unatokea pale pale. Lakini usiwasifu sana. Mji ule ulichorewa watu wachache. Wazungu walikaa kwenye ploti pana zenye miti, Wahindi kwenye maduka, na Mwafrika akawekwa pembeni kama mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Hakuna aliyekaa chini akajiuliza watoto wa wale wafanyakazi watakaa wapi. Sensa ya 2009 ilikuta Kitale mjini ina watu 106,187. Ya 2019 ikakuta 162,174. Hao wote wameingia Tuwani, Matisi, Mitume, Kipsongo, Shimo la Tewa, na kwenye mashamba ya zamani yaliyonunuliwa na vikundi vya hisa baada ya uhuru. Shamba likigawanywa na kikundi, kila mwanachama anataka ekari zake ziguse barabara. Barabara ya shamba inabaki ile moja ya trekta la mzungu. Baadaye mwanachama anakata ekari zake kuwa ploti, na kila mmoja anachora kichochoro chake kama vile jirani hayupo.

Bungoma ni hadithi nyingine. Hapa ardhi ni ya urithi. Shamba la ukoo mara nyingi ni ukanda mrefu, unaanzia barabarani juu unashuka mpaka mtoni, ili kila mtoto wa kiume apate kipande cha juu chenye njia na kipande cha chini chenye maji. Ulikuwa mpango wa akili sana, wakati mtu alihitaji maji ya mto na malisho ya ng'ombe. Ukigeuza ukanda huo kuwa mtaa wa mjini unapata nini? Unapata njia moja ya katikati, inayoshuka mteremko, inafika mtoni na kufa. Jirani naye yake inashuka sambamba na kufa. Njia kumi zinashuka, hakuna inayokata. Ukitaka kwenda kwa rafiki yako wa ukanda wa tatu, unapanda mpaka juu, unatembea, unashuka tena. Kama vidole vya mkono: kidole kimoja hakiwezi kufika kwa kingine bila kurudi kwenye kiganja.

Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,375,063 mwaka 2009, na 1,670,570 mwaka 2019. Ndani ya miaka kumi, karibu watu laki tatu wa ziada. Hao hawakukaa hewani. Nenda upande wa Kibabii, kwenye barabara ya Chwele. Chuo Kikuu cha Kibabii kilipata hati yake ya kuwa chuo kamili mwaka 2015, na kila mwenye shamba karibu hapo akaona mwanga: bedsita, bedsita, bedsita. Sijui kama kuna mahali nimeona njia nyingi zinazoishia kwenye mlango wa choo kama huko. Hosteli mbili zinatazamana migongo, ukitaka kwenda kudarasisha na mwenzako unayemsikia akikaanga mayai, unatembea robo saa.

Wakati huo huo, pesa kubwa inaenda wapi? Kwa barabara kubwa. Bungoma imejengewa barabara ya pande mbili kupitia mjini mpaka Musikoma, zaidi ya shilingi bilioni moja ya pesa za kaunti. Inapendeza, hata picha zangu nzuri nimezipigia hapo. Lakini ni kiganja tumepanua. Vidole viko vile vile. Na kwa sababu vidole havishikani, kila safari, hata ya kununua maziwa, inalazimika kupitia kiganjani, halafu tunashangaa mbona foleni imerudi.

Kuna wanaume wawili wasomi, Christopher Barrington-Leigh wa Kanada na Adam Millard-Ball wa Marekani, walifanya kazi ambayo mimi binafsi ningeichoka siku ya kwanza. Walichukua ramani ya barabara za dunia nzima, ile ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuchora, wakahesabu njia panda, wakahesabu njia zisizotokea, wakapima unavyozunguka ili ufike mahali palipo karibu. Matokeo yao ya kimataifa yalitoka 2020. Wanasema kwamba tangu mwaka 1975, sehemu kubwa ya dunia imekuwa ikijenga mitaa isiyounganika, na hali inazidi. Marekani, ambayo ndiyo iliufundisha ulimwengu kujenga mitaa ya kuzunguka-zunguka yenye mwisho uliofungwa, ilifika kileleni kama mwaka 1994 na baada ya hapo mitaa yake mipya ikaanza kuunganika tena. Yaani wenye ugonjwa wameanza dawa, sisi ndio tunanunua ugonjwa, tena kwa mkopo wa sacco.

Kitu kimoja katika kazi yao kilinikaa kichwani: nyumba hubadilika, barabara hubaki. Duka litakuwa benki, benki itakuwa kanisa, kanisa litabomolewa liwe ghorofa. Mstari wa barabara utabaki pale pale.

Mtu ataniambia, wewe unaota, mipango mikubwa ni ya miji mikubwa. Sawa. New York ilipochora ile mitaa yake maarufu inayokatana, mwaka 1811, ilikuwa na watu kama 96,000. Soma tena hiyo namba. Kitale ya 2009 ilikuwa kubwa kuliko New York iliyokaa chini na kuchora mitaa mpaka namba 155, wakati sehemu kubwa ya eneo hilo bado ilikuwa mashamba, mawe na mabwawa. Hawakuweka lami. Waliweka alama. Walisema mtaa utapita hapa, na aliyenunua ploti alinunua akijua.

Kama New York ni mbali sana kwako, panda basi uende Ethiopia. Kuanzia mwaka 2013, miji minne, yaani Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, ilianza kufanya kitu rahisi mpaka unaona aibu. Walitoka nje ya mji, kule mji unakoelekea, wakachora njia kuu za upana wa mita 30, kila moja ikiwa umbali wa kama kilomita moja kutoka kwa nyingine, wakaanza kuzilinda zisijengwe. Hakukuwa na haja ya kuanza na taa au mifereji ya kisasa. Wakianza na ardhi tu, mengine yatafuata mji utakapofika. Kweli, Ethiopia ardhi ni ya serikali, kwa hivyo ni rahisi kwao kusema "hapa pasijengwe". Sisi ardhi ni ya watu, ina hati, ina wazee na ina kesi. Ndiyo maana nasema kwetu kazi hii haitaanzia kwa gavana. Itaanzia mezani kwa familia. Nitafika hapo.

Kwanza niondoe makosa mawili ya mabishano ambayo nimeyasikia mpaka nimeyakariri.

La kwanza, kwamba naongelea barabara pana, na sisi hatuna ardhi ya kupoteza. Hapana. Nenda Lamu. Mji wa kale wa Lamu una vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi. Gari halipiti. Lakini kwa miguu unaingia huku unatokea kule, unaingia kule unatokea baharini, na mtoto anatumwa dukani na kurudi kabla chai haijachemka. Wembamba si ugonjwa. Kuziba ndio ugonjwa. Mita mbili zinazotokea zina faida kwa mtoto wa shule kuliko mita kumi na mbili zinazoishia kwenye geti jeusi.

La pili ni usalama. Hili nalichukua kwa uzito kwa sababu wanaolisema si wajinga. Wanasema njia ikitokea, mwizi atapita. Mtaa wenye mlango mmoja unajua nani ameingia, na watoto wanacheza bila kuogopa nduthi za mwendo kasi. Sehemu ya pili ni kweli kabisa, njia iliyofungwa ni tulivu, na ndiyo maana napendekeza kwamba viunganishi vingine viwe vya miguu na baiskeli tu, weka nguzo katikati, gari lisipite. Lakini hilo la mwizi, dada zangu mnisaidie. Saa mbili usiku umeshuka matatu, una njia mbili: moja inapita watu, kuna mama wa mahindi choma, kuna kinyozi, kuna taa za duka. Nyingine ni kichochoro cha kuta mbili ndefu, hakuna anayepita kwa sababu hakitokei popote. Ipi utachukua? Mwandishi mmoja wa Marekani, Jane Jacobs, aliandika mwaka 1961 kwamba mtaa hulindwa na macho ya watu wake. Mama wa mahindi hajasoma kitabu hicho na bado anajua. Yeye huweka jiko lake njia panda. Hujawahi kumwona akiliweka mwisho wa kichochoro.

Haya, sasa mezani.

Kuka wetu alituachia shamba la ekari tatu, si mbali na mji wa Bungoma. Ni ukanda kama nilivyoeleza, upana wa kama mita 36, urefu wa zaidi ya mita 330, kutoka barabara ya changarawe mpaka kijito. Baba na ndugu zake wamekubaliana kukata sehemu kubwa iuzwe ploti. Sina la kupinga, karo ni karo na hospitali ni hospitali. Broka akaja na mchoro. Njia moja ya mita sita katikati, ploti za futi 50 kwa 100 huku na huku, inashuka mpaka chini inaishia kwenye ploti ya mwisho. Jirani wa kushoto alishafanya vivyo hivyo miaka miwili iliyopita. Kati ya njia yake na yetu kuna ua wa lusiola na ploti moja upande wake ambayo bado hajauza.

Nikachukua kalamu. Njia ya kukata, mita sita pia, kutoka ya kwetu mpaka mpakani pande zote mbili, ingekula mita za mraba 180 za ardhi ya kuuza. Ploti moja ni kama 465. Yaani tunapoteza chini ya nusu ploti kwenye ekari tatu nzima. Na hata tukiipoteza, barabara zetu zote zitakuwa hazijafika asilimia 20 ya shamba, wakati UN-Habitat, wale walio hapo Gigiri, wanapendekeza mji utenge angalau asilimia 30 ya ardhi kwa barabara. Mita sita zenyewe ni chache, mimi ningetaka tisa, lakini hivyo ni vita vya siku nyingine.

Broka alinitazama kama mtoto aliyeingilia mazungumzo ya wakubwa. Akasema, "Kijana, mteja hanunui njia, mteja ananunua ploti." Nikamuuliza kwa nini basi kwenye matangazo yake ploti iliyo kwenye kona ya njia panda ni ghali kuliko ile ya mwisho wa kichochoro. Akapokea simu.

Baba mdogo ndiye mgumu. Hoja yake ni kwamba tukiacha njia na jirani asiache, tutakuwa tumetoa sadaka kwa ukuta. Hapo ana haki. Kila mmoja anamngoja mwenzake, na ndivyo mitaa kumi inavyozibwa na watu kumi wazuri. Kazi ya kuvunja huo mzunguko ni ya kaunti. Sheria ya mwaka 2019 ya mipango ya matumizi ya ardhi inataka ugawaji wa shamba upitishwe na kaunti kabla ya kufanyika. Mpangaji wa kaunti akiangalia mchoro mmoja mmoja, kila mmoja ataonekana sawa: kila ploti ina njia, mhuri unagongwa. Akiweka michoro mitano ya majirani mezani kwa pamoja, ataona vidole bila kiganja. Anaweza kusema, pitisheni njia hapa mpaka mpakani, na atakayefuata ataendeleza. Ni mstari mmoja kwenye fomu. Ukikutana na MCA wako, badala ya kumuomba tu culvert, muulize hilo.

Kuna watakaosema sheria tayari ipo ya kumsaidia aliyezibwa. Ipo, Sura ya 399, ya tangu enzi za mkoloni, inayomruhusu mtu asiye na njia kuomba apitie kwa jirani. Lakini hiyo inamtoa mtu mmoja shimoni. Haiunganishi mtaa. Serikali nayo ikitaka kupitisha barabara baada ya nyumba kujengwa, Katiba inasema lazima ilipe fidia ya haki na kwa haraka. Fikiria bei ya ploti ikishakuwa na ghorofa juu yake. Kile tunachoweza kuacha leo kwa nusu ploti, wajukuu watakinunua kwa mamilioni, au hawatakinunua kabisa.

Na sisi vijana si watazamaji. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walizunguka na vifaa vya GPS wakaiweka Kibera kwenye ramani ya OpenStreetMap, wakati kwenye ramani nyingi ilikuwa doa tupu. Mnaweza kufanya hivyo Tuwani. Mnaweza kufanya hivyo Mandizini na Siritanyi. Jumamosi moja, simu tatu, weka alama kila mahali njia inapokufa na kila mahali kuna tundu la ua ambalo watu wanalitumia. Tundu la ua ni kura. Watu wameshapiga kura kwa miguu yao kwamba hapa panafaa njia. Ukienda kwa mpangaji wa kaunti na matundu arobaini kwenye ramani, hawezi kukwambia hayajui.

Unayenunua ploti ya kwanza pia, tafadhali, usiangalie ile tu unayoonyeshwa. Tembea mpaka mwisho wa njia. Uliza aliye nyuma ni nani, anataka kuuza lini, na kama mchoro wa muuzaji unafika mpakani au unaishia mita thelathini kabla. Hizo mita thelathini ndizo zitaamua kama mwanao atapitia barabara ya malori.

Nyumbani kwetu, aliyenishangaza ni kukhu. Alikuwa amekaa kimya wakati wote wakubwa wanabishana, anapepeta maharagwe. Halafu akasema kwamba alipoolewa hapo, kabla ya ardhi kupimwa na watu kupewa hati, kulikuwa na njia za miguu tatu zinazokata mashamba yote, moja ya mtoni, moja ya kanisani, moja ya soko. Hakuna aliyeomba ruhusa na hakuna aliyeitwa mwizi. Wapimaji walipokuja, walipima mashamba, wakasahau njia. Akanionyesha kwa kidole mahali ile ya kanisani ilipopita. Ni karibu pale pale nilipochora.

Jirani nimemwendea na soda mbili. Amesema sisi tukiacha mita zetu sita mpaka mpakani na aone bikoni zimechimbiwa kweli, yeye atakata lusiola na kutoa njia upande wake. Baba mdogo bado hajakubali. Savea anakuja baada ya Krismasi, wakati watu wa Nairobi wako nyumbani. Kukhu ametangaza kwamba siku hiyo ataweka kiti chake katikati ya ile njia ya kanisani, na yeyote anayetaka kuizibia kwa bikoni aje achimbe chini ya kiti.